Hii Ni Picha ya Nini?

(Mhadhara kwa wakazi, katika ukumbi wa jamii, Dandora, Nairobi)

Nawashukuru kwa kuja Jumamosi alasiri, saa ambayo wengi wenu mna duka la kuangalia, nguo za kuanua na mtoto wa kupeleka kwa kinyozi.

Mmeliona turubai lililotundikwa nyuma yangu. Ni kazi ya kijana wa huku Eastlands aliyeomba jina lake lisitajwe leo. Ametaka mwitazame kazi kabla ya kumtazama yeye, nami nimemkubalia. Ukubwa wake ni kama mlango uliolazwa. Kuna nyekundu iliyoungua ikielekea kahawia, kuna nyeusi iliyoburutwa kutoka kushoto, na pale juu pembeni kuna kijani kidogo. Hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna mti. Asubuhi nilipokuwa nikilitundika, watu watatu walipita mlangoni na wote wakaniuliza swali lile lile: "Mwalimu, hii ni picha ya nini?" Mmoja wao ni fundi wa rangi. Aliongeza kwamba akipaka ukuta wa mteja namna hii halipwi. Mwingine, mama mmoja, alisimama muda mrefu bila kusema, kisha akaniambia inamkumbusha sufuria ya githeri iliyosahauliwa jikoni.

Nimekuja kuitetea picha hii, na nimekuja pia kuwatetea watu hao watatu. Wasomi wengi hutetea upande mmoja tu. Huisifu picha na kumdharau asiyeipenda, au humsifu mwananchi na kuicheka picha. Mimi naona mabishano yenyewe ni sehemu ya uhai wa sanaa hii, na kwamba watu wa Dandora wana haki ya kubishana mbele ya picha zenyewe badala ya kuletewa hukumu ambayo wengine wameshaitoa. Nitazipanga hoja zangu kwa nambari ili mtu akitaka kunipinga baadaye ajue aanzie wapi.

Hoja ya kwanza: picha hizi ni alama za kazi iliyofanyika

Tuanze na namna zilivyotengenezwa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, wachoraji kadhaa mjini New York walianza kuchora picha kubwa zisizo na sura ya kitu chochote. Mwaka wa 1946 mhakiki Robert Coates wa jarida la The New Yorker aliwapa jina ambalo mimi nalitia katika Kiswahili hivi: udhahania wa hisia. Ni dhahania kwa kuwa hakuna kitu ndani ya picha unachoweza kukitaja kwa jina. Ni hisia kwa kuwa rangi na mkono ndivyo vinavyobeba kile ambacho zamani kilibebwa na nyuso na mandhari.

Mtu anayetajwa zaidi ni Jackson Pollock. Mwaka wa 1945 alihamia Springs, kijiji cha Long Island, pamoja na mkewe Lee Krasner, aliyekuwa mchoraji hodari kwa haki yake mwenyewe. Hapo walikuwa na banda. Kati ya 1947 na 1950 Pollock alitandika turubai sakafuni, akalizunguka pande zote nne, akamwaga na kudondosha rangi kwa vijiti na kwa brashi zilizokauka. Fundi wetu, sikiliza hapa: sehemu kubwa ya rangi hiyo haikuwa ya wasanii. Ilikuwa rangi ya mafuta ya kupakia nyumba, jamaa wa ile unayoinunua kwa kopo. Pollock alikufa katika ajali ya gari mwaka wa 1956, akiwa na miaka 44.

Mark Rothko alikuwa wa namna nyingine kabisa. Alizaliwa mwaka wa 1903 katika mji wa Dvinsk, ambao leo uko Latvia, akapelekwa Marekani akiwa mtoto wa miaka kumi, mhamiaji katika nchi ya lugha ngeni. Yeye hakumwaga. Alipaka rangi nyepesi, tabaka juu ya tabaka, mpaka miraba yake ikaonekana kama inatoa mwanga kwa ndani. Mjini Houston kuna jengo la sala lililofunguliwa mwaka wa 1971, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Ndani mna picha zake 14, karibu zote za giza. Watu huketi humo kimya, na wako wanaolia.

Mtu anayemwaga akizunguka na mtu anayepaka tabaka kwa subira wana nini cha kuwaunganisha? Wote wawili wametuachia alama za mwili uliofanya kazi. Baada ya mvua ya Aprili, ukipita kwenye tope la Fezi ya Nne, unaona nyayo. Huulizi nyayo zile ni picha ya nini. Unajua aliyepita alikuwa na haraka au alichoka, alibeba mzigo au la, aliteleza wapi. Hata picha hii nyuma yangu inasomeka hivyo. Ile nyeusi imeburutwa kwa nguvu mwanzoni, ikapungua, ikasimama, halafu mkono ukarudi.

Hoja ya pili: mabishano haya ni ya zamani, na hayakuanza kwetu

Wengine wetu tumefundishwa kuona haya. Tukisimama mbele ya picha kama hii tusiielewe, tunadhani ni kwa sababu hatukusoma, au kwa sababu sisi ni wa Dandora na si wa Muthaiga. Ondoeni haya hiyo. Wamarekani wenyewe waligombana. Katikati ya miaka ya 1940, wizara yao ya mambo ya nje ilinunua picha 79 za wachoraji wa kisasa ili zizungushwe duniani. Magazeti na wanasiasa wakapiga kelele, mwaka wa 1947 maonyesho yakarudishwa nyumbani, na mwaka uliofuata picha ziliuzwa kama mabaki ya vita, kwa sehemu ndogo tu ya bei zilizonunuliwa. Mwaka wa 1949 jarida la Life lilimtangaza Pollock kwa swali, likiuliza kama ndiye mchoraji mkuu kuliko wote walio hai Marekani. Wasomaji wengi walijibu kwa hasira. Australia ilipoinunua picha yake iitwayo Blue Poles mwaka wa 1973, kwa dola milioni 1.3 za nchi hiyo, serikali ya Gough Whitlam ilishambuliwa kwa miezi. Na mjini Amsterdam, mwaka wa 1986, mtu aliingia katika jumba la makumbusho na kisu akaipasua picha ya Barnett Newman, kubwa, karibu yote nyekundu.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko jirani zetu, Sudan, na naomba mniruhusu nikae nao kidogo.

Ibrahim El-Salahi alizaliwa Omdurman mwaka wa 1930. Alisoma uchoraji London, katika chuo cha Slade, kuanzia 1954 hadi 1957. Akarudi Khartoum na elimu yake yote ya kisasa, akatundika picha zake na kuwaalika watu. Watu hawakuzipenda. Walikuja, wakatazama, wakaondoka, na mara ya pili hawakuja. El-Salahi angeweza kusema kwamba watu wake ni washamba. Wako wasanii wengi waliosema hivyo, wakahamia penye makofi. Yeye alijiuliza yeye mwenyewe ndiye aliyekosea wapi. Akaacha kuchora kwa muda, akasafiri nchini mwake kuangalia watu wanapamba nini: mikeka, vikapu, kuta za nyumba, na hasa maandishi ya Kiarabu ambayo baba yake, mwalimu wa Kurani, alimfundisha kuyaandika tangu utotoni. Alianza kuweka maandishi madogo pembeni mwa picha. Kisha akazivunja herufi zenyewe, na ndani ya mikato yake yakatokea maumbo ya wanyama, mimea na nyuso. Watu wakaanza kurudi.

Angalieni kilichotendeka. Umma ulikataa, na mchoraji akasikia. Hakurudi kuchora ngamia na machweo ili awafurahishe. Alikwenda ndani zaidi, hadi mahali ambapo dhahania ilikuwa tayari nyumbani mwao. Mwaka wa 1975 alifungwa miezi sita bila kushtakiwa, na gerezani alichora kwenye vipande vya karatasi akavificha mchangani. Mwaka wa 2013 jumba la Tate Modern la London lilifanya maonyesho makubwa ya kazi yake ya maisha, na hakuna Mwafrika aliyekuwa amepewa heshima hiyo hapo kabla yake.

Addis Ababa nayo ilikuwa na Gebre Kristos Desta, mzaliwa wa Harar, aliyesoma Cologne, Ujerumani, akarudi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliambiwa kwamba ameleta vya Wajerumani. Alifundisha kizazi kizima cha wachoraji, kisha mapinduzi yakamsukuma ughaibuni, akafia Oklahoma mwaka wa 1981. Leo jumba la sanaa ya kisasa mjini Addis Ababa lina jina lake.

Na hapa kwetu? Nendeni Ngecha, kule Kiambu. Katika miaka ya 1980 mwalimu mmoja aliacha kazi ya kufundisha akaanza kuchora, kwa rangi nzito na mkono mkali, hata juu ya nguo zake. Watu wakasema amerukwa na akili. Akajibu kwa kubadili jina: akajiita Sane, neno la Kiingereza la mtu mwenye akili timamu, na kwa jina hilo, Sane Wadu, dunia inamjua. Yeye huchora watu na wanyama, kwa hivyo simtii katika kundi la dhahania. Ila mshangao aliokutana nao ndio tuliokutana nao asubuhi ya leo.

Hoja ya tatu: "hata mtoto wangu anaweza"

Hii nitaipitia haraka kwa sababu ilishapimwa. Mwaka wa 2011 watafiti wawili wa Boston, Angelina Hawley-Dolan na Ellen Winner, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu picha mbilimbili. Moja ilikuwa ya mchoraji wa dhahania anayejulikana, nyingine ya mtoto au ya mnyama kama sokwe au ndovu aliyepewa rangi. Nyingine zilibandikwa majina ya uongo ili wapotoshwe. Hata hivyo, kwa kiasi cha mara sita au saba kati ya kumi, wanafunzi waliichagua ya mchoraji, na hata wasiosoma sanaa waliona nia katika mkono.

Hiyo ina maana mbili. Ya kwanza, jicho la mtu wa kawaida si pofu kama anavyojidhania. Ya pili, mara tatu au nne kati ya kumi walikosea, na hilo nalo ni kweli. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba tofauti iko wazi kama mchana, usimkubalie.

Fundi wetu anajua jambo hili kuliko mimi. Akiingia katika nyumba aliyopaka mwingine, anaona mara moja brashi iliyoshikwa na mwanagenzi na brashi iliyoshikwa na bwana. Wale vijana wanaopulizia rangi nganya, zile matatu za Eastlands, pia wanajua mstari uliopigwa kwa pumzi moja na ule uliositasita.

Hoja ya nne: tumekuwa nayo siku zote, ila hatukuiita sanaa

Akina mama, nawauliza ninyi. Kwenye leso kuna pindo, kuna mji, na kuna jina. Jina ni yale maneno yaliyoandikwa chini, na mnayasoma kabla ya kununua, maana leso hupigana vita vya mtaani bila mtu kufungua mdomo. Sawa. Lakini ule mchoro wa mjini, zile duara, zile korosho, yale madoa ya rangi mbili tatu yanayorudiarudia, ni picha ya nini? Mara nyingi mchoro hauna uhusiano wowote na maneno. Hakuna mama aliyewahi kusimama katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, akamwambia mwenye duka, "Sinunui, sijaelewa mchoro." Unaiinua, unaitupa begani, unaona kama rangi inaongea na mwili wako. Unaamua. Jicho lililofanya uamuzi huo ndilo ninaloliomba leo kwa picha hii.

Mfano wa pili ni wa sikio. Katika taarabu ya Unguja, kwa wakongwe kama Ikhwani Safaa, klabu iliyoanzishwa mwaka wa 1905, ilikuwa desturi kufungua usiku kwa bashrafu. Bashrafu haina mwimbaji wala maneno: ni udi, fidla, kanuni na ngoma tu. Hadhira hutulia. Hakuna anayeuliza bashrafu inahusu mapenzi au siasa. Moyo unatayarishwa, basi. Tumelipa sikio ruhusa ya kufurahia sauti isiyotaja kitu, na jicho tumelinyima ruhusa hiyo. Kwa nini? Nadhani ni shule. Tulifundishwa kwamba kuchora ni kunakili: chora ng'ombe, chora nyungu, upate alama. Elimo Njau, mzaliwa wa Tanzania aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka wa 1965, alitumia maisha yake kupigana na kunakili huko. Kwake, anayeiga anamlaza Mungu usingizi.

Mfano wa tatu ni Wamakonde, ambao tangu mwaka wa 2017 tunawahesabu kuwa kabila la 43 la Kenya. Wachongaji wao wa mpingo huko Dar es Salaam wana mitindo yenye majina ya Kiswahili safi. Uko ujamaa, ile nguzo ya watu waliobebana. Uko shetani, unaohusishwa na mchongaji Samaki Likankoa. Husimuliwa kwamba ulianza pale kinyago chake kilipovunjika mkono, naye badala ya kukitupa akakiona kiumbe kipya. Na uko mtindo wa tatu, ambao mara nyingi hauna uso wala kiungo, ni mipindo na matundu tu yanayopitisha mwanga. Wenyewe waliuita mawingu. Mnaona? Wakati sisi walimu tunatafuta istilahi, mafundi walishapata neno. Mtu akiniuliza kwa Kiswahili chepesi uchoraji wa dhahania ni nini, nitamwambia ni mawingu. Ukilala chali ukayatazama huna haja ya kuambiwa ni ya nini, ingawa mwenzako anaweza kuona ngamia na wewe sufuria ya githeri.

Hoja ya tano: mwenye kutilia shaka pesa ana haki

Mzee aliyeinua mkono kule nyuma, naomba unisubiri, nadhani nakuja kwenye swali lako.

Mwaka wa 2012 picha moja ya Rothko iliuzwa New York kwa karibu dola milioni 87. Mwaka wa 2015 bilionea mmoja alilipa dola milioni 500 kwa picha mbili tu, moja ya Pollock na moja ya Willem de Kooning. Mtu anayelipa kodi ya chumba kimoja hapa Dandora akisikia hivyo, akikasirika, hasira yake si ushamba. Bei hizi hazipimi uzuri. Zinapima wingi wa fedha mikononi mwa wachache na uchache wa kazi za waliokufa.

Kuna shaka nyingine ya ndani zaidi, nayo inagusa mji wetu. Wakati wa Vita Baridi kulikuwa na shirika lililoitwa Congress for Cultural Freedom. Lilidhamini majarida, makongamano na maonyesho ya sanaa ya kisasa huko Ulaya, kuonyesha kwamba msanii wa Magharibi yuko huru kuliko wa Urusi. Kati ya 1966 na 1967 ikafichuka kwamba pesa zake zilitoka kwa majasusi wa Marekani, CIA. Shirika hilo hilo lilisaidia jarida la Transition la Kampala, na lilisaidia Chemchemi, kituo cha utamaduni ambacho Ezekiel Mphahlele wa Afrika Kusini alikianzisha hapa Nairobi mwaka wa 1963. Wengi waliofanya kazi humo hawakujua. Walichora na kuandika kwa moyo safi.

Mimi nahukumu hivi. Picha haina hatia ya mnunuzi wake, kama vile ugali hauna hatia ya mwanasiasa aliyegawa unga. Lakini mwananchi anayeuliza "nani amelipa, na anataka nini?" anauliza swali halali, na nyumba ya sanaa inayomwona msumbufu kwa kuuliza hivyo haijastahili kuaminiwa naye.

Hoja ya sita: mchoraji wa Dandora hana deni la kuchora dampo

Hapa ndipo nilipokuwa nikielekea tangu mwanzo.

Dunia inaijua Dandora kwa jambo moja. Dampo letu lilianza miaka ya 1970, limeenea zaidi ya hekta 12, na mwaka wa 2007 Umoja wa Mataifa ulichapisha uchunguzi uliofanyiwa watoto 328 wa hapa. Karibu nusu yao walikuwa na risasi nyingi mno katika damu. Ni ukweli mchungu, na lazima usemwe mpaka dampo liondoke. Lakini umezaa desturi fulani. Mgeni akija kununua picha Eastlands, anatafuta mtoto mwenye gunia, mabati yenye kutu, korongo juu ya takataka. Kijana akichora hivyo anauza. Kijana mwingine akichora nyekundu inayogombana na nyeusi, anaulizwa: Dandora iko wapi humu?

Nimewaona wachoraji wachanga wakiyafuta mawazo yao na kuweka gunia juu yake ili walipe kodi. Siwalaumu. Naulaumu mpango unaosema mtoto wa Muthaiga anaweza kuchora huzuni yake, ila mtoto wa Dandora lazima achore umaskini wake. Uchoraji wa dhahania, kwa mtu wa hapa, ni haki ya kuwa na moyo ambao mgeni hawezi kuupiga picha. Ndiyo maana nilisema tangu mwanzo kwamba naitetea picha hii.

Tena Dandora imo humo, kwa mlango mwingine. Justus Kyalo, mmoja wa wachoraji wetu wa dhahania wanaoheshimika, amefanya kazi juu ya mabati yenyewe, akiiacha kutu iwe rangi. Hakuchora nyumba ya mabati, ila kila aliyelala chini ya bati anaijua ile kahawia. Kundi la Wajukuu la Mukuru lilipoalikwa kwenye maonyesho ya sanaa ya Kassel, Ujerumani, mwaka wa 2022, lilijenga njia ya kuingilia kwa mabati na likapewa tuzo ya Arnold Bode. Hapa Buruburu, vijana watatu walianzisha studio ya Brush Tu mwaka wa 2013 katika nyumba ya kawaida ya mtaa. Na mzaliwa wa Addis Ababa, Julie Mehretu, anachora mistari elfu juu ya mistari elfu, miji isiyo na jina, na ni mmoja wa wachoraji wanaoheshimika kuliko wote walio hai.

Wazazi wenzangu, kumbukeni mwisho wa miaka ya 1990. Kalamashaka walipotoka mtaa huu huu na mashairi ya kufoka kwa Kiswahili na Sheng, tuliwaambia nini? Tulisema hizo ni kelele. Wimbo wao uliovuma ulikuwa na jina Tafsiri Hii, na sisi hatukutafsiri, tulizima redio. Leo tunajivunia. Napenda safari hii tusichelewe hivyo.

Namna ya kutazama

Kidogo tu la vitendo. Rothko alipendekeza mtu asimame karibu na picha zake, kiasi cha sentimita 45, ili rangi imzunguke. Jaribuni hapa baada ya mhadhara, kisha rudini nyuma hatua kumi. Msisome karatasi ya maelezo kwanza. Kaeni muda wa kunywa kikombe cha chai. Jiulizeni mkono ulianza wapi, ulikimbia wapi, rangi gani iko chini na ipi imekuja kuifunika. Ukitazama na ukaichukia, ichukie kwa sababu unayoweza kuionyesha kwa kidole.

Na kama mtu bado anaona hajapewa kitu cha kushika, nimkumbushe mtaa huu ulivyojengwa. Mradi wa Dandora, ulioanza katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uligawa viwanja 6,000 hivi. Wengi walikuta choo, bafu, mfereji na ardhi tupu. Vyumba walivijenga wenyewe, kimoja baada ya kingine, kadiri walivyopata. Baadhi yao wameketi mbele yangu hapa. Ninyi mlikabidhiwa kitu ambacho hakijakamilika mkajua la kufanya. Turubai hili limewekewa msingi na bomba la maji, na chumba ni chako kujenga.

Bwana Mwenyekiti, namaliza kwa ombi. Turubai hili lisirudi studio kesho. Libaki ukumbini mwezi mzima, na kila mwezi lije lingine la mchoraji wa Eastlands, la dhahania au la sura, wachaguzi wawe wakazi wenyewe. Wiki ya kwanza lisiwe na jina wala maelezo. Pawe na daftari na kalamu, kila mtu aandike alichoona, awe amependa au amechukia. Jumamosi ya mwisho mchoraji aje, asomewe daftari lote mbele yake, naye ajibu. Shule zilete watoto asubuhi, wafanyakazi waje jioni.

Daftari nimelinunua, liko mezani karibu na mlango. Mstari wa kwanza umeshaandikwa: mama wa githeri ameandika kabla hatujaanza. Fundi, kalamu inakungoja.